Nyonga Yangu Inalia

Binti yangu,

Nyonga ya bandia ya kauri niliyowekewa hospitalini haiumi hata kidogo, ila nikitembea inalia kama bawaba kavu. Daktari anasema haina madhara. Haina madhara kwake! Humu ndani nikikaribia sebule tu, kaka yako na mkewe wananyamaza.

Juzi nilijikalia jikoni, wakadhani nimetoka. Nikamsikia kaka yako akimwambia dalali kwa simu kwamba chumba changu kitakuwa wazi mwezi ujao, mimi nitapelekwa kwa shangazi yako. Bila kuniuliza! Nyumba niliyoijenga na baba yako!

Leo dalali kaleta mpangaji. Nikapita mbele yao, nenda rudi, kwiii, kwiii, mpaka mpangaji akaaga.

Hata ipatikane dawa ya kuinyamazisha, siitaki.

Mama yako, niliye chumbani kwangu