Masale Kwenye Chemchemi

Jumapili, mwezi wa saba. Baridi ya Arusha leo haina adabu. Tangu asubuhi mlima umejifunika mawingu hadi kiunoni, nami nimejifunika kitenge juu ya sweta, nimekaa hapa kibarazani kwangu Sombetini na moyo mzito. Nimetoka kwa mama, kijijini Nkoaranga. Acha niandike sasa hivi, kabla sijaanza kujidanganya.

Mama ana miaka sabini na ushee, na goti moja limemchoka. Leo nimemkuta anapandisha ile njia ya mtoni yenye mteremko mbaya, ndoo kichwani. Na chemchemi iko nyuma ya migomba yake, hatua chache tu kutoka jikoni. Chemchemi hiyohiyo ambayo shirika letu la mazingira linajisifu kuilinda.

Nikampokea ndoo. "Shikamoo mama. Mbona umeshuka mtoni?"

"Marahaba, mwanangu. Kule si mmeshaweka mpaka?"

Alisema bila kinyongo kabisa. Ingekuwa afadhali angenigombeza.

Huku kwetu Umeruni, ukitaka kujua shamba la mtu linaishia wapi, unatafuta masale. Ni mmea wa kawaida tu, mwembamba, wenye majani marefu. Unakata tawi, unachomeka, linaota, na mjadala wa mpaka umekwisha. Hata mtoto hang'oi masale ya watu.

Sasa nikiri. Mfadhili wetu ni kampuni ya maji ya chupa, yenye kisima chake kirefu kwenye mteremko huohuo. Mshahara wangu unatoka kwao. Masika yaliyopita mtu wao alitaka chemchemi izungushiwe uzio wa mimea ya asili, kitu kitakachopendeza pichani. Mimi ndiye niliyesema masale.

"Watu watauheshimu?" akaniuliza.

"Hakuna Mmeru atakayevuka masale," nikamjibu, na wote tukacheka.

Nilijua. Niliona kabisa jinsi mstari ule utakavyosomwa na majirani wa mama, nikanyamaza, kwa sababu mkutano ulikuwa unaenda vizuri na nilikuwa nasifiwa. Tukapanda. Kibao chenye nembo ya kampuni kikasimikwa katikati. Hakuna aliyemfukuza mtu yeyote pale. Kina mama walikuja na ndoo zao, wakaona masale, wakaona kibao, wakaelewa maji yamepata mwenyewe. Wakageuza.

Leo nikampigia simu bosi wangu wa shirika nikiwa bado uani kwa mama, nikamweleza nilichokiona. Ni mtu mwema, ndiye aliyenifundisha kuotesha miche, na nilimsikia akishusha pumzi. "Dada, usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Kwenye ripoti andika tu kwamba jamii imeuheshimu uzio."

Na kweli wameuheshimu. Ndiyo maana goti la mama limevimba.

Nikaitia simu mfukoni. Nikaenda chemchemini, nikakata jani moja kwenye uzio wetu wenyewe, nikalifunga fundo kama nilivyomwona bibi akifanya, nikamletea mama kwa mikono miwili. Maana sale halina kazi ya mpaka tu. Ukimkosea mtu unampelekea jani lake, na akilipokea amekusamehe, hata kama umemuumiza vipi.

Mama alilitazama, akacheka mpaka akafuta machozi. Kisha akanishika shavu kwa kiganja chake chenye ubaridi wa maji.

"Mimi nilishakusamehe ulivyonipokea ndoo. Lakini hayakuwa maji yangu peke yangu." Akanirudishia jani. "Mpelekee mwenzangu wa jirani. Naye anashuka mtoni, na ana mimba."

Nimelia njia nzima. Jinsi ninavyompenda mama huyu!

Jani liko hapa mezani, kando ya kompyuta. Ripoti inatakiwa Jumatano. Nimeshafuta sentensi yangu ya awali, kwamba jamii imeupokea mradi kwa furaha, na mahali pake nimeandika: "Tuliweka mpaka kwenye maji ya watu, na wazo lilikuwa langu." Chini yake nimeomba kibao kiondolewe na masale yang'olewe, na nimeuliza swali ambalo hatujawahi kumuuliza mfadhili: kisima chake kinavuta maji kiasi gani.

Naogopa. Huenda mwezi ujao nikawa natafuta kazi, na miche yetu ikakosa wa kuimwagilia. Bosi hatanielewa upesi, na hilo linaniuma kuliko mshahara.

Lakini Jumamosi napanda tena Nkoaranga. Nyumba zilizokuwa zikichota pale chemchemini ni kumi na moja. Nitakata majani kumi na moja, yote kutoka kwenye uzio ule, na nitaanza kwa jirani mwenye mimba.