Baba, Usiniite Nyuma

Kwa Baba yangu, mwenye mkokoteni wa maji, mtaa wa Congo, Kawangware.

Baba, kabla hujaikunja hii karatasi na kuisukumia chini ya redio, hebu niambie kwanza mgongo unaendeleaje. Yale mafuta ya kuchua niliyotuma yalikufikia, ama Shangazi aliyapitia yakaishia kwake Mashimoni? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na jua la hapa Muskati limenipika mpaka Kamene akiniona atauliza dadake yuko wapi. Namshukuru Mungu. Na ile bati ya upande wa jikoni bado inavuja, au mlimpata fundi?

Naandika kwa kalamu kwa sababu simu hupokei. Kamene ananiambia unaiangalia ikilia, halafu unaigeuza kifudifudi mezani kana kwamba imekutukana. Basi karatasi haina mlio. Anayekuletea ni Nduku, anakuja likizo, yule niliyekuja naye huku kazini hotelini, binti wa mama wa mitumba karibu na kanisa. Nimemwambia akupe mkononi na asimame hapo mpaka umalize kusoma. Nduku unamjua, hatatoka.

Ujumbe wako wa sauti niliupata, na nimeusikiliza mara nyingi mpaka naujua kwa moyo. "Mwende, nimeambiwa unacheza kwa maji na wazungu, umevaa nguo ya kubana. Hiyo kitu wachana nayo. Sisi maji tunabeba, hatuchezei. Rudi kwa kazi ya vyumba ama urudi nyumbani. Kama hutaki, usinipigie tena."

Nimeelewa kila neno, Baba, na jibu langu ni hapana. Nimeliandika mapema ili usisome barua nzima ukitafuta mahali nilipolegea.

Sasa kaa nikueleze, maana najua uliyosikia ni ya Shangazi tu, na mdomo wa Shangazi hauna breki. Nduku aliweka video yangu nikiwa majini kwenye status ya simu yake, Shangazi akaiona huko, na kabla ya jua kutua akina mama wote wa kanisa walikuwa wameiona. Ile nguo inakinga jua na michubuko. Inanifunika kutoka shingoni hadi vifundoni. Mwambie Shangazi sketi za kwaya yao zinaonyesha mengi zaidi, na umwambie ni mimi nimesema.

Kazi ya vyumba niliiacha tangu mwaka jana. Hoteli ilinihamishia ufuoni, kwenye stoo ya vifaa vya michezo ya majini, niwe naosha chumvi kwenye mbao na matanga. Hapo ndipo nilipokutana na hiki kitu wanachokiita foili. Ni ubao mpana kama mlango wetu. Unasimama juu yake umeshika tanga. Chini yake, ndani ya maji, kuna mguu wa chuma unaonifika kiunoni, na mwisho wa mguu huo kuna mabawa. Ubao ukishika mwendo, mabawa yanauinua, unaachana kabisa na maji, na wewe uko juu unaenda kimya kimya. Uzuri wake ni kwamba hautaki upepo mkubwa. Upepo wa asubuhi wa hapa haungekausha hata soksi kwenye kamba yetu. Wenye matanga ya kawaida wanakaa mchangani wakipiga miayo, lakini mwenye foili anavuta tanga kwake mara nne tano, kama mtu anayepepea jiko, na ubao unaamka.

Samir, mwalimu wa hapa, ni Mmisri. Ndiye aliyeniambia nijaribu foili yao ya zamani asubuhi kabla wageni hawajaamka. Kuogelea nilishajifunza, usiogope, na jaketi la kuelea silivui, na kofia ngumu kichwani. Ubao uliinuka siku ya nne. Nilipiga kelele ya furaha, na kabla kelele haijaisha nilikuwa nimetupwa majini kama gunia.

Wiki tatu, Baba. Kila ukiinuka, natupwa. Samir akaniuliza, "Kila mtu anaogopa mwendo. Lakini wewe mbona unakanyaga nyuma kama unaua nyoka?"

Jibu nilikuwa nimeliacha Kawangware. Unakumbuka kile kipande cha tairi ulichokipigilia misumari nyuma ya mkokoteni? Nilikuwa na miaka minane. Tukiteremka na mitungi imejaa, wewe mbele unainua mikono ya mkokoteni, unaita, "Nyuma!" nami naruka nyuma kwa uzito wangu wote, tairi linasugua barabara, tunapunguza mwendo. Hiyo ndiyo breki mwili wangu unaoijua. Kule majini, mwendo ukinitisha, mguu wa nyuma ulikuwa unakanyaga kabla sijafikiri. Na kwenye foili, kukanyaga nyuma si breki hata kidogo. Mabawa yanaelekea juu, ubao unaruka mpaka mabawa yenyewe yanatoka majini, na hapo hakuna cha kukushika tena. Nilikuwa naita ajali kwa mguu wangu mwenyewe.

Siku moja nilikuwa navuta kigari cha kubebea mbao, cha magurudumu mawili. Nilikuwa nimepakia vibaya, uzito wote nyuma, na vishikio vikaninyanyua mikono mpaka nikasimama kwa vidole vya miguu. Nikazisogeza mbao mbele bila hata kufikiri, kikatulia. Halafu nikasimama pale juani nikicheka peke yangu mpaka Nduku akaniuliza, "Wewe, uko sawa kweli?"

Kwa sababu nilikukumbuka kwenye ule mlima wa kwenda barabarani. Mzigo ukilemea nyuma, mikono ya mkokoteni ilikuwa inapaa na wewe, miguu yako inaning'inia hewani, na watu wanacheka. Ulikuwa unaita nini? "Mbele!" Nami natambaa juu ya mitungi mpaka karibu na mabega yako, mikono inashuka, miguu yako inagusa chini, tunaendelea. Kumbe foili ni mkokoteni. Mabawa ndiyo ekseli ya magurudumu, na mzigo ni mimi.

Kesho yake ubao ulipoinuka niliita kwa sauti, peke yangu baharini, "Mbele!" Nikaegemea mguu wa mbele, kidogo tu. Ukatulia. Nikaangalia mbali, si miguuni, nikapita boya la kwanza nikiwa juu. Nililia, Baba. Nduku alikuwa ufuoni akinirekodi, na hiyo ndiyo video mliyoiona.

Baadaye Samir alimwomba meneja nifundishe wanaoanza, zile asubuhi za upepo mdogo. Meneja akasema mbele yangu, "Huyu ni wa kuosha. Mgeni hawezi kufundishwa na mtu wa kuosha." Nikamwambia anijaribu. Akasema Alhamisi: niende hadi boya la mbali na kurudi, mara mbili, bila kuanguka, kwa upepo wowote utakaokuwepo. Nikianguka, nisimsumbue tena.

Ujumbe wako ulinifikia Jumatano jioni.

Nilikasirika nawe, sitaficha. Niliona kama meneja na wewe mmekaa meza moja mkakubaliana kwamba mimi ni wa kubeba na kuosha mpaka nife. Yeye hanijui, nilimsamehe. Wewe unanijua. Alhamisi nikaamka na hasira hiyo, nikaipeleka majini.

Upepo ulikuwa haba, makuti ya mitende hayatikisiki. Meneja akaangalia saa. Nikavuta tanga, ubao ukagoma. Nikavuta tena, ukagoma. Mara ya tatu nikasubiri mpaka niuone upepo mwenyewe ukija, yale madoa meusi madogo juu ya maji, nikavuta, nikakanyaga nyuma kidogo ubao ukapanda, halafu, "Mbele!" Nikaenda, nikarudi. Nikaenda tena. Mara ya mwisho nikirudi, upepo ukafa kabisa, ubao ukaanza kushuka, maji yakaulamba tumbo. Nikapepea lile tanga mpaka mabega yakawaka moto. Nyuma kidogo. Mbele. Nyuma kidogo. Mbele. Hivyo hivyo mpaka karibu na mchanga, nikashuka kwa miguu yangu maji yakinifika kifuani.

Meneja akauliza, "Nani alikufundisha kuhamisha uzito namna hiyo?"

Nikasema, "Baba yangu."

"Na yeye anafundisha foili?"

"Hapana. Anauza maji."

Akaenda kuleta karatasi. Nimeshatia sahihi, Baba. Ni mkataba wa miaka miwili. Kwa hiyo hata ukitaka kubishana, umechelewa.

Nina wanafunzi sita sasa. Kuna mzee mmoja Mjerumani, mgongo mbovu kama wako, mbishi kukushinda, naye akiogopa anakanyaga nyuma. Neno la Kiingereza halikumsaidia, basi nikampa lako. Wengine nao wakalidaka. Ukija hapa asubuhi utawasikia watu wazima, kila mmoja juu ya ubao wake, wakipiga kelele "Mbele! Mbele!" bahari nzima. Ni sauti yako hiyo, utake usitake.

Nisalimie Kamene, mwambie yale masomo ya ushonaji asiyaache. Msalimie Shangazi hapo Mashimoni na wenzake wa kanisa, nimewasamehe. Na yule mzee mwenzako wa pale kwenye kioski cha maji, anayekuwekea foleni mgongo ukikuuma, mwambie namkumbuka kwenye maombi.

Jumapili baada ya ibada nitapiga simu. Ukitaka kuigeuza kifudifudi, igeuze, nitapiga Jumapili inayofuata. Nakupenda na nakuogopa kama zamani, lakini sirudi. Uliponiita nyuma nilikuwa naruka bila kuuliza, kwa sababu palikuwa na mteremko na mitungi na watu chini. Hapa hakuna mteremko, Baba. Ni wewe uliyeniita mbele, nikatambaa juu ya maji nikaja. Usiniite nyuma tena, maana safari hii sitaruka.

Ni mimi, mzigo wako mwepesi,
Mwende