Mwamba wa Uwanja wa Nyumbani

Kwako baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeamka vizuri na macho yamepoa, maana dada aliniambia kwenye simu kwamba daktari amekukataza jua na wewe unajifanya hukusikia. Huku sote hatujambo. Mama ni mzima na anakusalimu sana. Anasema tangu uende kwa dada, kopo la chumvi haliishi. Karakana inaendelea. Juzi nimemaliza mageti ya ghala, na yule mwenye ghala, aliyekuwa kila akija anauliza fundi mwenyewe yuko wapi, sasa ananiita fundi bila kumung'unya maneno.

Dada, najua wewe ndiye unayemsomea baba. Nawe nakusalimu, na tafadhali soma kama nilivyoandika, usiongeze yako.

Habari kubwa ni ligi ya mkoa. Baba, tumechukua ubingwa. Najua umeshasikia, lakini hujasikia vizuri, kwa sababu wote waliokupigia simu siku ile walikuwa wanapiga kelele. Acha nikupe tangu mwanzo.

Msimu huu nyumbani hatukupoteza hata mechi moja. Timu ya stendi ilikuja ikaondoka kichwa chini, timu ya reli vilevile. Mdogo wangu golini alikuwa Komeo kwelikweli. Hilo jina alilopewa na mashabiki sasa hata mama analitumia akimwita kula. Mipira ya juu ilikuwa inagonga mwamba na kurudi uwanjani. Washambuliaji wetu, waliokulia kwenye magoli yale, wao walipiga mipira ya chini tu, mpaka watu wakasifu kwamba timu ya karakana ina mchezo wa kistaarabu. Wageni wakaanza kunong'ona kuwa tumefukia dawa. Timu ya reli walikataa kuanza mechi mpaka pachimbwe chini ya milingoti. Mwamuzi akakubali ili yaishe, wakachimba, wakatoa soli ya kandambili. Walimpelekea mwamuzi kwa ncha ya kijiti kama ushahidi, na bado tukawafunga.

Ugenini mambo yalikuwa mengine. Huko Komeo alifungwa mipira ya juu, tena ile ambayo nyumbani isingemkosesha usingizi. Watu walisema ni uchovu wa safari, na mimi pia nilisema hivyo.

Kabla ya mechi ya mwisho, ambayo tulikuwa nyumbani na timu ya machinjioni, zikaja habari mbili kwa pamoja. Ya kwanza, kocha wa timu ya mkoa, mama mmoja asiyecheka ovyo, angekuja kumtazama Komeo kwa sababu anatafuta kipa. Unajua mdogo wangu anavyoitaka nafasi hiyo. Tangu shuleni hana wimbo mwingine. Ya pili, mlingoti mmoja ulikuwa umeliwa na kutu, na klabu ikaniomba nikauchomelee. Sipendi kazi ya viraka, kwa hiyo niliyang'oa magoli yote mawili nikayaleta karakana niyafanyie kazi ya maana.

Nikayalaza sakafuni, nikapima. Nikapima tena kwa futi ya jirani yetu seremala, nikidhani yangu inanidanganya. Baba, magoli yetu yalikuwa mafupi kwa shibiri nzima, yote mawili. Hapakuwa na dawa wala ustaarabu. Mipira mingi iliyogonga mwamba wetu ingekuwa bao kwenye uwanja mwingine wowote.

Nilimwita Komeo, nikamwonyesha. Alikaa juu ya tairi la zamani. Nilimwambia tunaweza kuyarudisha vilevile, kocha amwone chini ya mwamba uleule aliouzoea, achukuliwe, mengine atayajua mbele ya safari. Nilisema kwa kumjaribu, lakini nusu yangu ilitaka akubali. Akaniuliza kama huko mkoani wakimsimamisha kwenye goli refu, atamwomba kocha ruhusa aje kuchukua la kwetu. Kisha akasema ninyanyue mwamba, na kama ni kufungwa, afungwe huku nyumbani tukiona.

Nikaenda kwa katibu wa ligi, kwenye saluni yake, nikamweleza kila kitu huku mashine imesimama juu ya kichwa cha mteja. Alifikiri, akasema goli fupi lilikuwa fupi kwa timu zote mbili, na kwamba akianza kufuta matokeo kwa sababu ya vipimo, itabidi aanze na uwanja wa timu yake mwenyewe, ambao una mtaro kwenye kona. Akasema atakuja kupima siku ya mechi, na vipimo vikiwa sawa tucheze. Alikuja kweli, akaazima futi yangu.

Wiki ile kila nilipofunga kazi nilimrushia Komeo mipira ya juu mpaka mabega yakaniuma. Mingi ilimpita. Hakulalamika, na mimi sikumhurumia.

Siku ya mechi tulihitaji sare tu. Mshambuliaji wao, anayeitwa Shoka, alipiga mpira wa juu mapema kabisa, mpira ambao mwaka mzima ungegonga mwamba. Ulipita juu ya vidole vya Komeo ukatua wavuni. Mimi nilitamani kujificha ndani ya karakana. Kocha wa mkoa aliandika kitu. Kipindi cha pili winga wetu, muoka mikate, alikusudia kupiga krosi, mpira ukapaa, ukaingia kona ya juu. Hadi leo anaapa alikusudia. Dakika za mwisho Shoka akapata mpira ule ule, mahali pale pale. Safari hii Komeo hakusubiri. Alirudi hatua, akaruka, akausukuma kwa ncha za vidole ukapita juu ya mwamba. Tukamaliza sare, tukawa mabingwa. Kocha alimwambia kwamba mabao asiyofungwa nyumbani hayakumvutia. Kilichomvutia ni kipa aliyejifunza katika mechi moja. Amemchukua.

Sasa dada, kabla hujaendelea, kama shemeji yuko hapo mwombe akanunue vocha.

Baba, nilipotaka kuirefusha milingoti sikuwa na bomba la unene ule. Madukani halipo tena. Nikazunguka karakana, macho yakaishia kwenye kigoda chako unachokalia ukichomelea. Miguu yake minne ni bomba lile lile, na chini ya masizi bado ina rangi nyeupe ya goli. Nilikata mguu mmoja, nikausimamisha kwenye mlingoti. Ulikaa sawasawa. Kwa hiyo mwanzoni magoli yalikuwa na kimo kamili, na ni wewe uliyeyakata. Nikakumbuka kwamba enzi za ujana wako kipa wa timu alikuwa wewe, na urefu wako naujua, maana ndio niliourithi. Komeo alibahatika kumfuata mama.

Nilikasirika, sitakuficha. Nilikasirika mpaka siku niliyosimama peke yangu chini ya mwamba mpya, nikanyoosha mikono, nikaruka. Ni juu sana, baba. Hapo nilikuonea huruma, na nikakupenda zaidi.

Sijamwambia mtu. Mama alipokiona kigoda hakina miguu hakuuliza kitu. Alicheka mpaka akashika mlango, kwa hiyo nadhani ananizidi kwa kujua. Lakini Komeo kila siku ananiuliza ni nani aliyepima magoli yale, kwa sababu moyo unamsuta kwamba msimu mzima alisifiwa bure. Hilo sitamjibu mimi. Anaondoka kwenda kambini mwisho wa mwezi. Njoo kabla hajaondoka, umwambie mwenyewe. Akikasirika, mwache akasirike, kisha simama naye golini akuonyeshe anavyoufikia. Kigoda cha kukukaribisha sina. Miguu yake iko uwanjani, chini ya udongo, imembebea mwanao mwamba.

Msalimie shemeji akirudi na vocha, na watoto wote, hasa yule anayekuficha miwani. Naishia hapa kwa sababu mikono yangu ina rangi na karatasi imeanza kuonyesha.

Ni mimi mwanao,
fundi wa karakana yako