Baba Mkwe Anahamisha Miche Jumatatu, na Mto Hautafika

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla miche haijaingia ardhini, maana chakula hakipiti kooni na simu ikiita siipokei.

Nafanya kazi ofisi ya maji, kazi yangu ni kuilisha kompyuta mvua iliyopimwa milimani ili ikadirie mto utakuwa na maji kiasi gani huku bondeni wakati wa kiangazi, maana bondeni kwetu mvua ni ya kubahatisha na kila tone tunalitegemea kutoka mlimani, sasa mwaka huu kompyuta ikasema maji yatakuwa tele, nami kwa kiherehere changu sikungoja tangazo la ofisi, nikasema mezani mbele ya mashemeji wote, "Baba, panda mpaka shamba la chini, mto utafika." Baba mkwe akafurahi mno, akaniita Bibi Mto, akawatambia majirani wote wa mfereji wetu kuwa mkwe wake anaona maji kabla hayajashuka, na wote wakasia vitunguu vingi kuliko miaka yote.

Juzi nimepanda mwenyewe hadi kituo chetu cha mlimani, kwenye ua wa shule, nikaliona kosa. Mlinzi wa shule alikihamisha kipimo cha mvua ili mbuzi wasikiangushe, akakiweka salama kabisa chini ya ukingo wa paa, na maji ya bati lote yanamwagikia humo! Kumbe mvua niliyokuwa nailisha kompyuta si ya mlima, ni ya paa. Nimerudia hesabu bila kituo kile, na mto unakauka vitunguu vikiwa bado vidogo. Bosi anasema, "Tulia kwanza, tusiwatie watu hofu, tutahakikisha mwezi ujao." Mume wangu naye anasema, "Utamwaibisha mzee mbele ya bonde zima, nyamaza, labda itanyesha." Na Jumatatu wanahamisha miche.

Tafadhali usiandike jina langu, maana baba mkwe hununua gazeti hili kila Jumamosi, akasoma ukurasa wako kwa sauti na kuwacheka wanaokuandikia. Niseme au ninyamaze?

Mkwe Mwoga

JIBU

Pole, binti yangu. Ningekuwa wewe, hata mimi nisingekula. Kipimo kuhamishwa si kosa lako, na mlinzi usimgombeze, aliwaza mbuzi, hakuwaza paa. Lakini kuutangaza mto mezani kabla hujaenda kuona kipimo kimesimama wapi, hilo ni lako peke yako. Ulitaka kusifiwa, ukasifiwa.

Sasa unaniuliza useme au unyamaze, na jibu unalo, ndiyo maana chakula hakipiti. Bosi wako anaweza kungoja mwezi, miche haiwezi. Mumeo anaogopa baba yake aaibike leo. Muulize majirani watamwitaje mzee huyo huyo vitunguu vyao vikinyauka kwa maneno yake.

Nenda mwenyewe, usimtume mumeo wala usipige simu. Anza hivi: "Baba, nilikuambia mto utafika. Nilikosea, hautafika." Habari za kompyuta zije baadaye, usijifiche nyuma yake. Mwambie yeye na majirani wapande mashamba ya juu tu, yaliyo karibu na mfereji, na miche itakayozidi wawape wenye visima. Kisha mwekee bosi mezani picha ya kipimo chini ya paa pamoja na hesabu mpya, umwambie kuwa ukweli huo unawafikia wakulima kabla ya Jumatatu, awe yuko tayari au hayuko.

Mzee atakasirika, tena sana, na jina la Bibi Mto huenda ukanyang'anywa. Liache liende. Afadhali akufokee miche ikiwa bado kitaluni.

Jina lako nimelificha kama ulivyoomba. Ila paa, kompyuta na vitunguu nimeshindwa kuvificha, na baba mkwe wako si mjinga. Leo ni Jumamosi, gazeti limeshatoka. Vaa viatu uende sasa hivi, na ukimkuta ameshavaa miwani, mwombe akusikilize wewe kwanza.