Saa za Kupambua

Jumatatu, 4 Machi

Miguu imekufa. Leo tumeona kumbi mbili, mimi na Kitinda, binti yangu wa mwisho, anayeolewa. Wa kwanza ni wa bati, umeinama kama mgonjwa. Wa pili wanauita Ukumbi wa Vioo — hapo mwanangu akasimama katikati, akajizungusha. Basi. Nikajua tumekwisha.

Msimamizi wake ana funguo kiunoni, anatembea analia kama ng'ombe mwenye kengele. Akasema tunapewa kuanzia saa sita mchana mpaka saa tatu usiku. Nikasema, muda tele! Akacheka. Mama, humo humo kuna kupamba na kupambua. Saa tatu mimi nafunga, sitaki kuona hata ua moja chini.

Sikuelewa vizuri. Nikaitikia tu, kama mtu mwenye akili.

Jumatano, 6 Machi

Mpambaji amekuja. Maneno yake mengi kuliko maua. Anataka mpaka saa kumi apande na kushuka ngazi, atundike vitambaa. Mpishi akasema yeye hapangi chakula chini ya ngazi ya mtu, asije akapakua vumbi. Wa muziki naye lazima ajaribu spika kabla ya wageni. Wote mlango mmoja! Nimehesabu kwa vidole mpaka nikachoka. Na kutoa vitu lazima kuanze saa mbili — ndiyo saa ya kumsindikiza bibi harusi kwenye gari.

Nikamwuliza mpishi, vyombo atapokea nani? Akasema, mwenye shughuli, mama. Sikabidhi sufuria kwa mtu anayecheza.

Mwenye shughuli ni mimi.

Alhamisi, 7 Machi

Usingizi wa mang'amung'amu. Nimeamka mgongo unauma.

Harusi ya binti yangu mkubwa ilikuwa hivi hivi. Nilikuwa jikoni nakusanya sahani za kuazima, nikasikia honi. Nikatoka mbio, mfuniko mkononi. Vumbi tu! Mamdogo wao, mdogo wangu wa tumbo moja, ndiye alikuwa barabarani anapunga. Tulivaa sare, na kwa mbali tunafanana. Mkubwa mpaka leo anasema, Mama ulinipungia mpaka tukakata kona. Sijamwambia. Mamdogo naye kanyamaza. Miaka yote.

Leo nimerudi peke yangu kule kwenye bati. Mlinzi akasema, pambueni hata kesho yake, nani anawafukuza? Nikakaa kwenye kiti kibovu, nikapumua. Vioo hakuna. Bati limetoboka upande wa choo. Lakini hapa usiku wa harusi naacha vyombo, nafunga mlango, natoka na mwanangu.

Jumamosi, 9 Machi

Wamekuja wote, mkubwa na Mamdogo. Nimemwambia Kitinda ule wa bati ndio unatufaa. Amelia! Mama, kule harusi itafanana na kikao cha wazazi shuleni. Nikasema ni muda, mwanangu, muda wa kupambua. Akasema binamu watafanya. Binamu gani? Hao ambao kula wazima, kuosha wana mgongo?

Mamdogo akacheka, chai ikampalia.

Mkubwa akamfuta mdogo wake machozi. Akasema, chukua Vioo, usiogope, Mama hakosi. Yangu si ilikuwa hivi hivi? Na alinipungia kwa mikono miwili. Akasema, mimi kwenye nyumba ya mume wangu pakiwa pagumu, ndiyo mikono ninayoikumbuka.

Mamdogo akaweka kikombe chini. Akanitazama.

Nikisema kweli, namnyang'anya mkubwa ile mikono. Nikinyamaza, huyu wa mwisho naye ataondoka mimi niko kwenye sufuria.

Msimamizi wa Vioo yuko kwenye simu, anataka jibu sasa hivi, wapo wengine wanautaka. Nimesema ngojeni nichukue miwani. Miwani ninayo kichwani! Niko kitandani, naandika. Nawasikia wanamwambia, anakuja, anakuja.

Mlango umegongwa. Ni Mamdogo. Hajaingia, ananong'ona tu — dada, mkubwa utamwambia wewe au nimwambie mimi?