Mikomamanga ya Ayi Liang

Jumatatu, 3 Novemba
Nimerudi kutoka soko la nguo la Shahe na marobota mawili ya magauni. Nikafagia ua kama kawaida. Makomamanga ya pambo yamedondoka tena, yameoza, nzi tele. Miti mitatu tu. Aliipanda marehemu mume wa Ayi Liang, mwenye nyumba wangu. Ayi kwa Kichina ni shangazi. Namwita hivyo mwaka wa sita sasa. Magoti hayamruhusu tena kuinama.

Jumanne, 4 Novemba
Mwanawe amekuja. Anasema majirani wamechoka na nzi. Jumamosi anakuja na msumeno, aikate yote, amwage zege. Nikamwambia inasafishika.
"Bu yao," akanikatiza. Sitaki.
Ayi akaingia ndani, akafunga mlango. Nimekasirika. Kule Wete mama yangu alikuwa na mikomamanga nyuma ya nyumba. Niliipogoa mimi, kwa mikono hii.

Jumatano, 5 Novemba
Nimemgongea Ayi. "Nipe hadi Ijumaa."
"Na mizigo yako?"
"Itasubiri."
Akanitolea mkasi wa marehemu. Butu. Nimeunoa mpaka ukakata karatasi.
Nimezoa matunda yote yaliyooza. Yaliyokaukia mtini nayo nimeyachuma, moja moja. Mifuko kumi na moja. Mgongo umekufa ganzi. Nimefurahi.

Alhamisi, 6 Novemba
Habari mbaya. Mti wa kati, ule mkubwa, una tundu la mdudu. Unga wa mbao unamwagika chini. Tawi lote limeoza ndani.
Ayi alisimama mlangoni. Tawi hilo ndilo linalozaa kuliko yote. Nilimtazama, akaitikia kwa kichwa. Nikakata. Likaanguka kwa kishindo, naye akajifunika uso kwa mikono.
Mti umebaki kama kiwete. Naogopa nimeuua.

Ijumaa, 7 Novemba
Nimepogoa miwili iliyobaki, na tundu la mti wa kati nimeliziba kwa udongo na majivu. Nimefagia majani yote. Sala ya Ijumaa nilikwenda na kucha chafu. Mungu anajua.

Jumamosi, 8 Novemba
Amekuja saa tatu, msumeno begani. Akazunguka ua mara mbili. Hakuna nzi. Hakuna harufu. Akasimama mbele ya mti wa kati.
"Huu umekufa."
Nikakwangua gome kwa ukucha. Chini yake kijani, kibichi kabisa. Ayi akaja akachungulia, akacheka kwa sauti. Akamwambia mwanawe, "Baba yako hakuwahi kuipogoa vizuri hivi."
Jamaa akaushusha msumeno. Akaniuliza hilo tundu nililiziba na nini. Nikamweleza polepole, kama mwalimu.
Najivunia. Naandika tena: najivunia.

Jumapili, 9 Novemba
Sikutoka leo. Adhuhuri mzee wa ghorofa ya tatu ameshuka na chungu chenye mndimu mdogo, majani yamegeuka njano. Hatujawahi hata kusalimiana. Akakiweka miguuni pangu, akangoja.
Nikachuchumaa, nikageuza jani.