Gudulia kwenye Goti la Bibi

Jumamosi, 1 Mfunguo Sita 1331

Leo tena nimemwekea Bibi baridi kwenye magoti. Hakuna anayejua ila yeye na mimi, na sasa karatasi hii. Shangazi Zuhura akijua atanitoa chumbani mwa Bibi, na atasema nilitaka kumuua mamake.

Ugonjwa wenyewe ni baridi yabisi. Magoti, vifundo, vidole. Kwa watu wa nyumba hii, na kwa mtaa mzima wa Mkomani, mazungumzo yanaishia hapo: baridi imeingia mifupani, na itolewe kwa moto. Mchanga uliokaangwa, ukafungwa kitambaani. Mafuta ya simsim ya moto. Tangawizi mpaka Bibi atoke machozi. Hakuna aliyejisumbua kuligusa goti. Mimi nimeligusa. Limevimba na lina joto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi. Wanalipasha moto kila usiku, na kila asubuhi limevimba zaidi. Kisha wanashangaa. Kisha wanaongeza mchanga.

Nimehitimu chuo cha Kurani mwezi uliopita. Sasa nimo ndani, kama wasichana wote waliohitimu, na kazi yangu ni kukaa na Bibi. Afadhali. Mbele za watu sauti yangu hufa kooni.

Jumatatu, 3 Mfunguo Sita

Nilivyoanza. Bibi alikuwa akikawia chooni baada ya kutawadha. Shangazi akigonga: "Mama, watawadha au umehamia?" Siku moja nilitumwa nikamtoe. Nikamkuta kwenye kigoda, goti amelibana kwenye ukuta wa birika la maji ya kuogea, pale chokaa inapotoa jasho la maji. Macho ameyafumba. Uso wa mtu aliyeondokewa na wageni wabaya.

Nikaurudisha mlango polepole.

Alasiri hiyo nilichukua gudulia la udongo dirishani, ambako upepo huyafanya maji yawe baridi kuliko ya kisimani. Nikalizungushia kanga kuukuu, nikaliegemeza kwenye goti. Bibi akapumua. Akalala usingizi wa mchana, jambo alilokuwa amelisahau.

Ndio uganga wangu wote. Mwenye macho angeuona. Nyumba imejaa watu wazima.

Alhamisi, 6 Mfunguo Sita

Ameletwa Fundi Kombo, mganga. Kumwita tabibu ni kulitukana neno. Kilemba chake ni kikubwa kuliko kichwa kilichomo. Amekunywa kahawa, amemaliza sahani ya halua peke yake, kisha akamtazama Bibi kutoka mlangoni. Goti hakulikaribia.

"Bi mkubwa, baridi yako imetia mizizi. Mwisho wa dawa ni moto."

Maana yake chuma. Kinapashwa kwenye makaa mpaka kiwe chekundu, kisha kinabandikwa kwenye goti. Itakuwa Ijumaa ijayo, Maulidi yakiisha, ili kelele zisiwasumbue wageni. Kelele. Kama anazungumzia mbuzi.

Shangazi alimshukuru huku akilia. Kumdharau Fundi ni rahisi. Shangazi ana machozi ya kweli, na yananiharibia dharau yangu.

Walipotoka, Bibi aliniambia kuwa dadake alichomwa hivyo hivyo. Kidonda kilioza. Hakuinuka tena. "Lakini nimechoka, mwanangu. Wakitaka kunichoma na wanichome."

Sijapata kumwona Bibi akiogopa. Leo nimemwona.

Ilinipasa niseme palepale, mbele ya Fundi. Nilikuwa nimeshika sinia. Nikatazama vikombe. Mjinga mmoja zaidi katika chumba cha wajinga.

Jumamosi, 8 Mfunguo Sita

Nimekosea. Pupa. Nilidhani baridi ikizidi, dawa imezidi. Nikalowesha kitambaa, nikakifunga juu ya ngozi, nikakiacha tangu adhuhuri. Ngozi ikapauka na kufa ganzi. Bibi akatetemeka.

"Mwanangu, waniosha maiti nami sijafa?"

Nilimcheka Fundi kwa kutomgusa mgonjwa. Mimi nilimgusa, kisha nikamsahau.

Sasa kitambaa kikavu kwanza, gudulia juu yake, na ganzi ikianza naliondoa. Goti likirudisha joto lake, naliweka tena. Asubuhi vidole vinapoamka vimekakamaa havitaki baridi. Vinataka maji ya vuguvugu. Hilo Bibi ndiye aliyenifundisha, kwa kuukunja uso.

Shangazi akaingia akakuta godoro limelowa. Bibi akamwambia, "Nimejikojolea, Zuhura. Wataka kunusa?" Shangazi akatoka mbio.

Bibi ambaye hatoki chumbani bila udi kwenye nguo zake. Amejitia aibu kwa ajili yangu.

Jumanne, 11 Mfunguo Sita

Wanawake wamejaa, wanatayarisha Maulidi. Kila mmoja ana dawa ya Bibi. Mmoja anasema ni jini. Mwingine anasema mafuta ya mbuni. Laiti maneno yao yangekuwa kuni, tungepika biriani ya mji mzima. Nilipitisha sinia.

Goti limepungua. Umbo la mfupa wake sasa linaonekana chini ya ngozi. Mchanga wa moto Bibi anaupokea kwa adabu, "Niwekee hapo, nitajifunga mwenyewe," kisha anausukuma chini ya kitanda. Leo amekwenda chooni kwa kushika ukuta tu. Aliposikia viatu vya Shangazi ngazini, akajilaza akaanza kuugua. Anaugua vizuri kuliko alipokuwa mgonjwa.

Lakini chuma ni Ijumaa. Nimejizoeza mbele ya ukuta: Shangazi, msimchome. Ukuta umenisikia.

Ijumaa, 14 Mfunguo Sita

Fundi Kombo alikuja baada ya sala na chetezo kikubwa cha makaa. Shangazi alishika mabega ya Bibi. Chuma kikaanza kuwa chekundu.

Nikasema, "Msimchome."

Sauti ya kifaranga.

"Nani huyo aliaye?" akauliza Fundi. Hakugeuka.

Bibi aligeuka. Akanitazama. Kisha akacheka, akamwondoa Shangazi mabegani, akateremsha miguu, akasimama. Akaenda mpaka dirishani. Akarudi.

"Fundi, jina la chuma chako limetosha. Tangu siku uliyokitaja, maradhi yanakimbia. Ukinichoma sasa, utakuwa wamfukuza mwizi aliyekwisha toka."

Fundi akalitazama goti. Kwa mara ya kwanza. Akafikiri, na ilionekana kuwa ni kazi ngumu. Kisha akavimba yeye. Akamwambia Shangazi kwamba ameshayaona hayo, chuma chenye heshima huponya bila kugusa. Shangazi akambusu Bibi mikono. Fundi akaenda na jogoo na kanzu mpya.

Nilibaki nikifagia majivu.

Jumapili, 16 Mfunguo Sita

Bibi hajapona. Vidole vimepinda na vitabaki vimepinda. Jioni maumivu hurudi, si makali.

Nilimuuliza kwa nini hakusema kweli.

"Kweli ingemrudisha Fundi na chuma kikubwa zaidi." Akanyoosha mguu nimwekee kitambaa. "Lakini nalikusikia. Ndipo nikaona niinuke."

Shangazi anamsifu Fundi barazani. Amsifu.

Nawe utakayeikuta karatasi hii, ukiwapo, funga mdomo wako. Mwache atembee na kilemba chake. Wakijua ni maji, gudulia litarudi dirishani na mchanga utarudi kitandani.

Upepo umeanza. Nakwenda kulijaza.